Kabla hujanunua rangi, angalia dirisha

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo, mimi ni fundi wa rangi hapa Busia na inaniuma vile watu wetu wanapoteza hela. Mtu anaona kwa simu sebule ya Ulaya imepakwa kijivu, anakimbia dukani anabeba ndoo ya lita 20, tunapaka, wiki mbili hazijaisha ananipigia ati fundi nyumba imekuwa kama mochari.

Hizo picha zinakuja na ushauri wake, chumba ambacho dirisha linaangalia kaskazini kipake rangi za joto kama krimu, cha kusini kipake za baridi kama bluu. Kwao ni sawa maana jua lao la mchana linakaa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko kwa ikweta jamani! Toka mwisho wa Machi mpaka Septemba jua linapita kaskazini, miezi ingine kusini, kwa hivyo huku wewe angalia mashariki na magharibi.

Kuna mama nilimpakia chumba rangi ya chungwa, dirisha linaangalia magharibi, juu mabati matupu bila dari. Asubuhi kilipendeza sana. Saa kumi jua likaingia, ukuta ukawa mwekundu kama makaa na watoto wakatoka na vitabu vyao wakakaa verandani. Joto lilikuwa la mabati, si la rangi, lakini jicho likiona moto na mwili unachoka. Tulirudia na kijani kilichopauka, akalipa mara mbili, na mimi ndiye ningemwambia mapema.

Kabale nako ni kinyume, ni juu karibu mita 2,000, asubuhi ukungu, dada yangu alikuwa na sebule ya bluu na wageni hawavui majaketi. Krimu yenye unjano kidogo ilimfaa.

Halafu taa. Balbu nyeupe za 6500K, hiyo ni namba ya rangi ya mwanga na iko kwa boksi, zinafanya krimu ionekane imefifia, na zile za njano za 3000K zinaiharibu bluu inakuwa kama kijani. Nunua kwanza kopo la lita moja, paka kipande cha plaiwudi koti mbili, kikikauka kiegemeze ukutani ukiangalie asubuhi, jioni na usiku taa ikiwaka.

Mhariri, mkiweka ukurasa wa ujenzi tafadhali liandikeni hili kabla watu hawajaanza kupaka nyumba za Krismasi.

Fundi wa rangi,
Busia, Uganda