Glovu inalinda ngumi, si kichwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu historia ya ndondi nimeifurahia, ila pale mlipoandika kwamba glovu zilikuja kuokoa vichwa vya mabondia, sikubaliani nanyi. Glovu inalinda ngumi. Enzi za ngumi kavu, bondia aliyemchapa mwenzake kwenye paji la uso kwa nguvu zote alijua anaweza kuvunjika vidole, na pambano likamwishia hapo. Kwa hiyo alipiga sana mwilini, akachanganya na mieleka. Mkono ulipovikwa, woga huo ukapungua na kichwa kikawa shabaha. Kuchanika uso kumepungua, hilo sikatai.

Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kanuni za kumzuia mtu aliyeishiwa asiendelee kupigwa. Kanuni za bondia Jack Broughton, London, mwaka 1743, zilikataza kumpiga aliyeanguka, zikampa nusu dakika arudi kwenye mstari katikati ya jukwaa. Lakini wasaidizi wake waliruhusiwa kumrudisha, hata kwa kumbeba! Mwaka 1833 Simon Byrne alipigana na James Burke raundi 99, zaidi ya saa tatu, huku wasaidizi wakimburuta hadi mstarini. Alifariki siku chache baadaye. Kanuni za 1838 ndizo zilizodai bondia aufikie mstari kwa miguu yake mwenyewe.

Raundi 99 zisiwashangaze vijana. Raundi ilikwisha mtu akianguka, iwe baada ya sekunde kumi au dakika kumi. Mabondia Sullivan na Kilrain, waliopigana ngumi kavu kwa kanuni hizo za zamani kule Mississippi, Marekani, mwaka 1889, walikwenda raundi 75 kwa saa mbili na dakika 16 hivi: wastani haufiki dakika mbili, mapumziko yakiwemo.

Raundi ya dakika tatu, pumziko la dakika moja, kuhesabiwa hadi kumi na marufuku ya mieleka vilikuja na kanuni za Queensberry mwaka 1867. Hapo pia mmempa sifa asiyestahili, mkasema Queensberry ndiye aliyeziandika. Aliyeziandika ni John Graham Chambers, mwanamichezo wa Wales. Queensberry, kabaila wa Uskoti, alizidhamini kwa jina lake tu. Naomba mlisahihishe hilo katika toleo lijalo.

Mpenzi wa ngumi,
Tanga