Kwa vijana wa Kigoma mnaotaka kazi za amani

Wanangu,

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nikamkuta kijana wetu, mzaliwa wa Kasulu kabisa, akimhoji mama wa Kirundi kupitia mkalimani. Mkalimani! Muha na Mrundi wanaosikilizana ng'ambo hadi ng'ambo ya Malagarasi! Mama aliulizwa kwa nini harudi kwao. Akaeleza kwa kirefu, akataja *itongo* mara tatu. Mkalimani akafupisha: "Anaogopa." Kijana akabonyeza "hofu" kwenye kishikwambi, akaita, "Mwingine!"

*Itongo* ni ardhi ya ukoo, mwanangu. Mama alikuwa anakwambia kuna mtu shambani kwake.

Mwaka 2008 nilisindikiza magari ya wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakakaa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, hadi wakapata wajukuu. Mmoja tulimfikisha Rumonge, kwenye michikichi ya baba yake. Tukamkuta mjane analima, na karatasi ya serikali anayo. Mume wake alikufa katika vita vilivyoanza 1993. Nani utamfukuza hapo? Mkataba wa amani wa Burundi, ule wa Arusha wa Agosti 2000, ulikuwa umeshasainiwa, lakini siku ile amani ya Burundi ilikuwa kwenye mpaka wa shamba moja. Bashingantahe, wazee wa kilima, walikaa nao siku nyingi. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyamaza na kusikiliza. Mwishowe waligawana. Mzee hakufurahi, mjane naye hakufurahi, ila hakuna aliyechomewa nyumba.

Askari wetu, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, walisaidia kuwashinda waasi wa M23 mashariki mwa Kongo mwaka 2013. Januari 2025 M23 hao hao wakaingia mji wa Goma. Nawaheshimu sana waliokufa huko, lakini bunduki haiamui shamba ni la nani.

Mengine kwa ufupi: someni Kifaransa. Msiahidi msichoweza. Msipige picha watu kwenye foleni ya mgao. Posho ulizeni mwisho.

Kosa si lenu peke yenu, nakiri. Sisi wazazi tuliwachapa mlipoongea Kiha, tukadhani tunawafungulia dunia. Na sisi hao hao tunamwita mkimbizi mwizi, kisha tunamwita shambani kwa ujira wa aibu.

Jumamosi baada ya alasiri nipo barazani kwangu Mwanga. Njooni na daftari. Na yule kijana wa kishikwambi aje kwanza. Nataka tumtafute yule mama, aulizwe upya, bila mkalimani.

Babu yenu, mstaafu.