Kabla ya bei, ulizeni hisa ni za nani

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Nnaomba nafasi niwafikie wanaonunua kampuni ndogo hapa Unguja na Pemba. Matangazo ya "biashara inauzwa pamoja na leseni" yamekuwa mengi, na wanunuzi wengi ni vijana wetu walioko Omani, Uingereza na Dar es Salaam. Wanauliza faida ya mwezi, wanaomba kupunguziwa, wanatuma arbuni kwa simu. Swali la nani hasa mwenye kampuni linakuja baadaye, pesa zikiwa zimeshatoka.

Kampuni zetu nyingi ni za kifamilia. Baba aliisajili, amefariki, mtoto mkubwa anaiendesha, na mtaa mzima unajua kuwa kampuni ni yake. Sivyo. Tuseme marehemu alikuwa na hisa 1,000, wazazi wake walishatangulia, na ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane, hisa 125. Zilizobaki 875 zinagawiwa mafungu 7 ya hisa 125: kila mtoto wa kiume anapata mafungu mawili, hisa 250, na kila wa kike fungu moja. Kwa hiyo huyo anayekuonesha funguo na mhuri ana robo tu ya anachokuuzia. Ukimlipa thamani ya kampuni nzima, dada zake wakija mwaka ujao wakiwa na hukumu ya Kadhi, utagombana nao wewe, yeye pesa keshazitumia.

Mpangilio wake ni huu. Omba upekuzi wa kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, usome majina ya wanahisa na idadi ya hisa za kila mmoja. Likiwa jina la marehemu bado limo, kwanza mirathi ithibitishwe, kisha hisa ziandikwe kwa majina ya warithi, halafu ndio mauzo. Mrithi akiwa mtoto mdogo, usiguse hisa zake mpaka ujue nani ana mamlaka ya kisheria ya kusimamia mali yake. Soma na katiba ya kampuni: kampuni binafsi huwekea mipaka uhamishaji wa hisa, na mara nyingi wanahisa waliopo wana haki ya kununua kabla ya mtu wa nje. Taka barua ya kila mmoja wao kuwa ameiacha haki hiyo.

La pili ni madeni. Ukinunua hisa, unanunua na yaliyofichika: kodi za nyuma, mishahara isiyolipwa, michango ya ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, iliyokatwa kwa wafanyakazi na haikupelekwa. Hilo la ZSSF hukutwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu halionekani benki. Linaonekana ukilinganisha orodha ya mishahara na stakabadhi za michango, mwezi kwa mwezi. Wanunuzi kutoka Bara hukosea kwengine: wanaleta uthibitisho wa TRA peke yake. Kodi ya mapato ni ya TRA, lakini VAT ya hapa, tozo za hoteli na ushuru wa stempu zinasimamiwa na ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Unahitaji barua mbili.

Pia, umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka 3, Sheria ya Kodi ya Mapato huihesabu kampuni kama imeuza mali zake kwa bei ya soko, na hasara za zamani zinaweza zisitumike tena kupunguza kodi. Muuzaji anayekwambia "kampuni ina hasara ya milioni 60, hutolipa kodi miaka mitatu" anakuuzia kitu ambacho huenda kikafa siku unayosaini. Mhasibu akokotoe kwanza.

Ukinunua mali tupu, yaani mashine, boti, gari na jina la biashara, madeni mengi yanabaki kwa muuzaji, lakini leseni na mkataba wa pango havikufuati. Nyumba ya wageni Mji Mkongwe ikiwa ndani ya nyumba ya wakfu, nyumba haiuzwi, na anayeondoka hawezi kukurithisha upangaji wake bila ya idhini. Pemba kuna wanaosifia kampuni kwa "soko la karafuu". Mnunuzi wa karafuu za mkulima ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, kwa hiyo soko hilo si la kununuliwa.

Sasa faida. Muuzaji wa boti za watalii Nungwi atakuonesha Agosti. Taka miezi 24 mfululizo, masika zote mbili zikiwemo, maana Aprili na Mei ndipo utakapoiona biashara ilivyo. Kisha isafishe. Tuseme vitabu vinaonesha faida ya milioni 48 kwa mwaka. Mwenyewe hajilipi mshahara. Msimamizi wa kuajiriwa kwa milioni 1 kwa mwezi ni milioni 12. Ofisi ni ya kaka yake, hailipiwi. Pango la laki 7 kwa mwezi ni milioni 8.4. Mashine ya boti ya milioni 16 inayodumu miaka 4 ni milioni 4 kila mwaka. Inabaki milioni 23.6. Kwa kampuni za namna hii mimi sivuki mara 3 ya faida iliyosafishwa: milioni 70.8, si milioni 144 anazotaka yeye.

Na usiamini daftari peke yake, hesabu malighafi. Kiwanda cha mkate kinachodai kuuza boflo 4,000 kwa siku, donge moja likiwa gramu 100, hakiwezi kukwepa unga. Gunia la kilo 50 na maji lita 30 hutoa kilo 80 za unga uliokandwa, boflo 800 hivi. Boflo 4,000 ni magunia 5 kwa siku, 150 kwa mwezi. Akikuletea risiti za magunia 90, boflo zilizobaki ni za mdomoni. Halafu linganisha risiti hizo na stakabadhi za kielektroniki za ZRA na taarifa za benki. Vitatu hivyo vikikataana, simamisha mazungumzo.

Asiyetaka kununua yote aingie kwa musharaka, yaani ubia wa kuchangia mtaji, lakini iwe musharaka ya kweli: faida kwa kiwango mlichokubaliana, hasara kwa uwiano wa mitaji. Mkataba unaokuahidi milioni 2 kila mwezi, biashara iende isiende, ni mkopo wa riba uliovishwa kanzu.

Malipo yapitie kwa wakili, na yagawike. Mimi hushauri asilimia 10 baada ya ukaguzi, 60 BPRA ikishaandika hisa na wakurugenzi wapya, na 30 ibaki miezi 12, ikatwe humo kila deni la zamani litakalojitokeza. Muuzaji akikataa kabisa ile 30, rudi ukague tena ZSSF na kodi. Siku ya kukabidhiana, kabla hamjala pilau, nendeni benki mkabadilishe watia saini, na mbadilishe namba ya simu iliyosajiliwa kupokea malipo ya wateja. Namba ile ikibaki kwa mwenyewe wa zamani, wateja wataendelea kumlipa yeye, na kampuni utakuwa umeshainunua.

Mhasibu,
Mkunazini, Unguja