Kwenu wazazi mnaowauliza watoto wa chekechea wamekuwa wa ngapi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi wazazi vijana wa Dar es Salaam wenye watoto wa bebi klasi na chekechea, kuanzia Mbagala mpaka Bunju. Juzi shule zilipofunga nilikwenda kumchukua mjukuu wangu, nikamkuta baba mmoja amesimama barazani mwa darasa, ripoti mkononi. Mtoto wake ana miaka 4. "Wa 21 kati ya 26? Sasa mimi nalipa ada ya nini?" Alisema kwa sauti, wazazi wanasikia, walimu wanasikia, na hakuna aliyefungua mdomo. Mtoto mwenyewe alikuwa amechuchumaa pale pale miguuni pake, anamfunga mwenzake kiatu, maana yule mwenzake alikuwa analia na hajui kufunga.

Nimefundisha madarasa ya awali huku Temeke mpaka nikastaafu, na nawaambia hivi: alichokuwa anakifanya mtoto yule pale chini ndiyo maendeleo yake. Alimwona mwenzake ana shida, akajua la kufanya, akapitisha ncha ya mkanda kwenye tundu lake mpaka ukakaza. Mkono unaoweza kazi hiyo uko njiani kuiweza penseli. Katika karatasi ya baba yake hapakuwa na neno hata moja kuhusu hilo. Palikuwa na alama, wastani na nafasi.

Nafasi ya nini kwa mtoto wa miaka 4? Darasa moja wanakaa aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka ule ule. Kwako wewe mtu mzima miezi 11 si kitu. Kwa mtoto huyo ni karibu robo ya umri wake wote, halafu unawapanga kwenye mstari kama wakimbiaji na kumzomea aliyefika nyuma! Mtaala wa elimu ya awali unamtaka mwalimu amfuatilie mtoto kwa kumtazama anapocheza, anapoongea na anapofanya shughuli kwenye kona za kujifunzia. Walimu wanalijua hilo, walifundishwa chuoni. Mtihani na nafasi vinaletwa na mwenye shule, na mwenye shule anawauzia kile mnachokuja kukiulizia.

Ndiyo maana usiku, saa 2, mtoto wa miaka 3 amekalishwa mezani anafuatisha vidoti vya herufi "a" kurasa mbili nzima, kichwa kinaanguka kwa usingizi, mama kasimama juu yake na mwiko. Kifundo cha mkono wa mtoto wa umri huo bado hakijakomaa, vijifupa vyake vingine vingali gegedu. Mwacheni akande unga wa chapati. Achambue maharage, amenye ndizi, akamue kitambaa, afunge vifungo vya shati lake hata kama mnachelewa. Acheze mdako na rede na wenzake. Kuandika kutakuja, na kutakuja haraka kwa mkono uliokwisha kufanya kazi.

Mkionana na mwalimu muulizeni: Anacheza na nani? Akinyang'anywa kitu anafanyaje? Anaomba mwenyewe kwenda chooni? Akitumwa vitu viwili kwa mpigo anavikumbuka? Muhula huu anaweza nini ambacho muhula uliopita hakukiweza?

Najua mnajinyima kulipa hizo ada, na najua mnarudi nyumbani miguu imevimba. Lakini mtoto wa Chanika anapitiwa na gari la shule saa 11 alfajiri, kaamshwa saa 10 na nusu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kulala saa 10 mpaka 13 kwa siku. Kama mchana hakulala, basi huyo alitakiwa awe kitandani saa 12 na nusu jioni, na wewe saa hiyo bado uko kwenye foleni Buguruni. Akisinzia darasani anaandikiwa "hana usikivu". Sera ya elimu, toleo la 2023, imeufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na shule ya msingi ya mtaani kwenu ina darasa hilo. Nendeni mkalione kwanza. Mkikuta mwalimu mmoja na umati wa watoto, wakati anatakiwa awe na 25, pigeni kelele kwenye kikao cha kata, kama mnavyopiga kelele za mpira. Pigeni kelele pia kiwanja cha watoto kinapogeuzwa fremu za maduka, maana hapo huwa sote tunatazama tu.

Simu na katuni zisizidi saa 1 kwa siku. Hadithi kila usiku. Na Kiswahili kizungumzwe nyumbani bila aibu. Mtoto anayeimba nyimbo nzima za Kiingereza lakini akiumwa hawezi kuwaambia panauma wapi, mmemnyima kitu.

Kungoja nako kuna mpaka wake. Mtoto wa miaka 3 ambaye wageni hawaelewi mengi ya anayosema, anayeitwa haitiki, au aliyekuwa anaongea kisha akaacha, msiseme "hata baba yake alichelewa", wala msimtafute mchawi. Mpelekeni kituo cha afya, waanze kumpima masikio. Wengi wenu chanjo ya surua ikiisha kadi inatupwa kabatini, na kumbe kliniki ya mtoto ni mpaka afikishe miaka 5.

Shule zikifunguliwa, nendeni wazazi watatu wanne kwa pamoja mkamwombe mwenye shule aondoe nafasi kwenye ripoti za bebi klasi, na mahali pake mwalimu aandike sentensi mbili za anachokiona kwa mtoto. Akiwaambia ni wazazi ndio wanaoidai, mwambieni ninyi hamuidai tena.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Temeke