Siagi anayoisema Baba Mdogo

Mama, shikamoo.

Ujumbe wa Rehema kuhusu bati nimeupata. Nimeyapata pia maneno ya Baba Mdogo kwenye kikao, eti mimi nakula siagi Ufaransa na nyumbani nimepasahau. La bati sina neno. Hili la siagi limenichoma.

Siagi naishika kweli, tena kwa kilo. Hapa Rouen mwenye duka la mikate amenikabidhi mimi kruasani zote, vile vimikate vya tabaka vilivyopinda kama mwezi, akawaacha wenyeji wawili walionitangulia. Siagi unaiponda na mti wa kusukumia mpaka inyumbulike, ila ibaki baridi. Ikiwa ngumu inakatikakatika ndani ya donge. Ikipata joto inanyonywa na unga, kazi yote imeharibika. Unaifunika kwa donge, unasukuma, unakunja sehemu tatu. Ukifanya hivyo mara tatu unapata tabaka 27 za siagi. Zangu zinahesabika ukikata!

Na huku siagi haikuwa ya bure tangu zamani. Kanisa kuu la mji huu lina mnara ulioanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 15, mpaka leo unaitwa Mnara wa Siagi. Wakati wa Kwaresima siagi ilikatazwa, na inasimuliwa kwamba waliotaka kuila walilipia ruhusa, pesa zikaenda kwenye ujenzi. Kutoza hivyo Baba Mdogo angekuweza sana.

Wasio na uwezo walikuja kupata majarini. Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alitaka mafuta ya bei nafuu kwa mabaharia na maskini, na mwaka 1869 mkemia Hippolyte Mège-Mouriès akayatengeneza kwa shahamu ya ng'ombe. Siku hizi mara nyingi ni ya mimea. Ndiyo ninayopaka mimi chumbani, Mama, lakini hilo usimwambie.

Jirani yangu Mtibeti alinikaribisha chai yao, ya chumvi na siagi ya yaki, ng'ombe wao wa milimani. Kwao siagi huwashiwa hata taa hekaluni. Nilikunywa kwa adabu yote uliyonifunza, nikarudi chumbani na hamu ya chai yako mpaka usingizi ukakata.

Pesa ya bati natuma Ijumaa, kwa jina la Rehema. Baba Mdogo akitaka kuipokea yeye, kwanza aeleze ile ya mbao ilikwenda wapi.

Mwanao.