Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa Watu wa Klabu Ndogo

Ndugu zangu wa klabu ndogo popote mlipo, wenyeviti, makatibu, waweka hazina, makocha, wachezaji, wazazi wa chipukizi, wafuaji wa jezi, wapaka chokaa, nanyi msiokosa mechi hata timu ikiburuza mkia, nawasalimu kwa moyo mkunjufu. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Na wenzetu ambao sikukuu yenu si hii, zipokeeni salamu hizi kama salamu za jirani. Mwaka mzima tumekaa pamoja pembeni mwa uwanja na hakuna aliyemuuliza mwenzake dini.

Sikukuu na soka wamefahamiana siku nyingi. Tarehe 26 Desemba 1860, siku moja tu baada ya Krismasi, Sheffield FC iliyoanzishwa mwaka 1857 ilikwenda kucheza na Hallam FC katika uwanja wa Sandygate, Uingereza. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mechi ya kwanza kabisa kati ya klabu mbili. Sheffield walishinda 2-0. Kinachonigusa si matokeo. Kinachonigusa ni kwamba klabu zote mbili zipo mpaka leo, ziko ligi za chini, na Hallam bado wanachezea Sandygate. Zaidi ya miaka 160 bila kuwa kubwa! Katika muda huo matajiri wangapi wameingia kwenye soka wakatoka, na klabu ngapi zenye makombe kabatini zimekufa? Anayesema klabu isiyopanda daraja haina maana, namwomba awatazame hao wawili kwanza.

Msimu huu wa mapumziko nimekuwa nikiwaza ni kitu gani hasa kinachoishikilia klabu ndogo isianguke. Wengi watajibu haraka kwamba ni fedha. Sikatai, mipira hainunuliwi kwa makofi. Lakini nimeziona klabu zilizopata mfadhili na bado zikafa, na nimeziona ambazo hazijawahi kuwa na akiba ya maana na kila msimu zinaingiza timu uwanjani, wakubwa kwa wadogo. Tofauti niliyoiona ni hii: klabu inayoishi imewapa watu wake kazi.

Njooni asubuhi ya siku ya mechi, saa tatu nzima kabla ya filimbi, mtaona nina maana gani. Mtu mmoja amesimama katikati ya uwanja na kigingi, ameshakipigilia chini. Kwenye kigingi amefunga kamba ya mita 9.15. Mwenzake anaishika ncha ya pili, anaivuta ikaze, anazunguka taratibu huku akimwaga chokaa, na duara la katikati linatokea nyuma yake. Akilegeza kamba kidogo tu duara linakuwa yai, na waliofika mapema wanamwambia. Doa la penalti analipima kwa futi kamba, mita 11 kamili kutoka mstari wa goli, hapimi kwa hatua, maana anajua siku moja penalti itapigwa pale na watu watabishana. Sasa muangalieni yule mtoto aliyechuchumaa, aliyeambiwa akishikilie kigingi kisitikisike. Hajasajiliwa popote. Huenda hana kipaji cha mpira hata kidogo. Lakini duara lile amelichora yeye, na Jumamosi ijayo atafika kabla ya mwenye chokaa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyeshika jembe si mgeni tena, amekuwa mtu wa nyumbani. Klabu nyingi ndogo zinamweka shabiki katika hali ya mgeni miaka kumi: njoo, kaa, shangilia, toa mchango, nenda. Kisha siku hajafika tunashangaa na kulaumu kwamba watu hawana mapenzi na timu yao. Mapenzi atayatoa wapi mtu ambaye akikosekana hakuna kinachopungua?

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya viongozi wenzangu hawatalipenda, nalo nalisema kwa upendo. Ugonjwa unaoua klabu ndogo kwa wingi ni kiongozi anayefanya kila kitu mwenyewe. Anaandika barua, anabeba mipira, anakusanya viingilio, anampigia simu mwamuzi, anapeleka majeruhi hospitali. Tunamsifu, na sifa anastahili. Siku akiugua au akihamishwa kikazi, klabu nzima inalala naye. Funguo ziko kwake, kadi za wachezaji ziko kwake, hata namba ya simu ya chama cha soka anayo yeye peke yake. Kama ni wewe, pumzika sikukuu hii, ndugu yangu. Mwakani gawa funguo.

Wanaotaka kuona watu wakipewa kazi klabu inafika wapi, habari ya Union Berlin ya Ujerumani haichoshi kusimuliwa. Mwaka 2004 klabu hiyo ilikuwa hoi kifedha, ikihitaji fedha ili ipewe leseni ya kucheza. Ujerumani mtu akichangia damu anaweza kulipwa fidia kidogo. Mashabiki wakaenda kutoa damu, na walicholipwa wakakipeleka klabuni. Miaka minne baadaye uwanja wao ukawa umechakaa kiasi cha kutokidhi masharti, na hakukuwa na fedha ya mkandarasi wa kazi yote. Zaidi ya mashabiki 2,000 walijitolea kuukarabati kwa mikono yao. Wenye ufundi wa ujenzi waliongoza, wasio na ufundi walibeba, walisukuma matoroli, walimwaga zege. Kazi ilichukua kama saa 140,000 za kujitolea, na mwaka 2009 uwanja ukafunguliwa. Mwaka 2019 timu ilipanda Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mwaka 2023 ikacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Ila mimi ninayempenda Union kuliko wote ni Union wa Desemba. Tarehe 23 Desemba 2003 timu ilikuwa na hali mbaya, na mashabiki walikuwa wamesambaa kwenda likizo bila hata kutakiana heri. Mashabiki 89 wakaamua kujipenyeza uwanjani usiku, bila ruhusa, wakasimama pamoja wakaimba nyimbo za Krismasi. Mwaka uliofuata wakarudi wakiwa wengi zaidi. Siku hizi uwanja unajaa, watu karibu 30,000, watoto kwa wazee, wameshika mishumaa na karatasi za nyimbo. Hakuna mpira unaochezwa usiku huo, hakuna pointi wala mpinzani. Wanakuja kwa sababu wengine wanakuja. Nikiwaza habari hiyo najiuliza swali ambalo ningependa kila kamati ijiulize wiki hii: ligi ikisimama, watu wetu wana sababu yoyote ya kukutana?

Tusidhani mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Nairobi, mwaka 1987, kilianzishwa Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, MYSA. Watoto walitaka ligi, na mazingira yao yalikuwa yamezidiwa na taka. Wakaunganisha mambo hayo mawili: timu inayoshiriki usafi, ikazibua mitaro na kuzoa taka, inapewa pointi, na pointi hizo zinaingia kwenye msimamo wa ligi sawa na za ushindi. Naona huo ni mmoja wa uamuzi wa busara kuliko yote yaliyowahi kufanywa katika soka la vijana. Mtoto asiyeweza kupiga chenga anaisaidia timu yake kwa koleo. Na mama aliyekuwa akiuchukia mpira kwa kelele zake anaamka, anakuta mtaro wa mlangoni pake unapitisha maji, anaambiwa waliozibua ni timu ile. Kutoka katika mti huo lilichipuka tawi la Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 likawa bingwa wa Kenya.

Sasa nimalizie upande wa pili wa jambo, kwa sababu kazi peke yake haitoshi. Mtu apewe na sauti.

Klabu ya Bury ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1885. Ilichukua Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903. Mwishoni mwa mwaka 2018 iliuzwa kwa mmiliki mpya kwa pauni moja, madeni yakawa yanaielemea, na Agosti 2019 ikafukuzwa katika ligi. Kilichoniuma ni hiki: siku ileile ya hukumu, mamia ya watu walikuwa wamefika uwanjani Gigg Lane na mifagio na ndoo, wakisafisha majukwaa kwa matumaini kwamba mechi itachezwa. Walikuwa tayari kwa kazi yoyote. Lakini hatima ya klabu ilikuwa mikononi mwa watu wengine kabisa, na mifagio yao haikuweza kuizuia. Mashabiki hawakukata tamaa. Uwanja ulinunuliwa ukawa mikononi mwao, na mwaka 2023 timu ikarudi kucheza palepale Gigg Lane, safari hii klabu ikimilikiwa na mashabiki wenyewe.

AFC Wimbledon, klabu ya mashabiki huko London, nao walianzia kwenye machungu ya namna hiyo. Mwaka 2002 klabu yao ya awali iliruhusiwa kuhamishiwa mji mwingine, wao wakaanzisha upya, wakatangaza majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa umma, wakaanzia ligi za chini sana. Miaka tisa baadaye, 2011, walikuwa wameshaingia katika ligi ya kulipwa, klabu ikiwa bado mali ya mashabiki, kila mwanachama kura moja. Na mwaka 2020, korona ilipofunga kila kitu, mashabiki haohao walizunguka kukusanya vyakula na kuvipeleka kwa familia zilizokwama.

Kwa klabu ndogo sauti haihitaji mambo makubwa. Mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wanachama, mstari kwa mstari, hata kama jumla ni ndogo kiasi cha kuona aibu. Mkutano mkuu ufanyike siku iliyotangazwa. Mama anayefua jezi aulizwe anaonaje kuhusu jezi za mwakani kabla hazijanunuliwa, maana yeye ndiye anayejua kitambaa kipi kinachuja rangi na kipi kinakatika mishono. Chipukizi wa miaka 16 apewe nafasi kwenye kamati asikilizwe. Timu ya wanawake isipangiwe uwanja saa ambayo wanaume wameukataa. Haya hayagharimu fedha, na mwenye kuyafanya huona michango ikija bila kupiga kelele nyingi. Mtu huchangia anachokijua.

Siku hizi chache za mapumziko naziona kama nafasi adimu. Wakati wa ligi hatuna muda wa kuambiana asante, tukimaliza mechi moja tunawaza ijayo. Basi tuambiane sasa. Mpigieni simu mchezaji aliyevunjika mguu mwezi wa tatu na tangu hapo hajasikia neno kutoka kwetu. Mtumieni salamu mwamuzi aliyewachezesha mchana wa jua kali na kuondoka bila hata maji. Muulizieni yule mzee aliyekuwa na nafasi yake palepale karibu na kibendera cha kona, ambaye tangu msimu uanze hajaonekana. Pengine miguu imegoma tu, na kinachohitajika ni mtu wa kumfuata nyumbani siku ya mechi. Wapinzani wetu nao, tuwape heri. Bila wao tungekuwa tunafanya mazoezi maisha yetu yote.

Kwa waliofiwa mwaka huu, pole sana. Katika klabu ndogo kifo hakipiti pembeni. Aliyeondoka alikuwa kipa, au alikuwa mlangoni akikata tiketi, na pengo lake linaonekana kwa macho. Mwenyezi Mungu awapumzishe pema, nanyi awape nguvu ya kukaa mezani sikukuu hii kiti kimoja kikiwa wazi.

Kwa walioshuka daraja, msione haya kutembea na jezi yenu sikukuu hii. Kwa waliopanda, hongereni, na waliowabeba mlipokuwa chini msiwasahau kwenye orodha ya wageni wa heshima. Kwa walioanzisha klabu mwaka huu na bado wanacheza na mpira mmoja, karibuni sana katika familia hii.

Ligi ikirudi, fikeni mapema. Mtafuteni mtunza vifaa, muulizeni mkono unahitajika wapi. Na wewe mtunza vifaa, usijibu kwamba umeshamaliza. Nyavu zipo za kufunga, mipira ipo ya kujaza upepo, na kigingi kinahitaji wa kukishika.

Nawatakia Krismasi yenye amani na Mwaka Mpya wenye afya, mvua ya kiasi na nyasi za kutosha. Tuonane uwanjani.

Wenu katika michezo.