Kabla hujanunua betri nyingine ya gari lako la kambi

"Fundi, betri imekufa, nitafutie nyingine." Wengi huingia na neno hilo hapa gereji kwetu Ngamiani, Tanga, hasa wanaorudi kutoka Pangani au Saadani na magari yenye hema juu ya paa na friji nyuma. Samaki wameharibika, taa za ndani zinafifia, dereva kanuna. Kuuza betri kwetu ni faida, lakini mara nyingi betri yenyewe haina kosa.

Tunaanza na mita. Gari likishalala saa kadhaa, betri ya maji iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikishuka chini ya 12 usiendelee kuinyonya, unaiua. (Betri za lithiamu zina hesabu zake, usizipime kwa namba hizi.) Washa injini: namba ipande hadi 13.8 au 14.4 hivi. Isipopanda, tazama alteneta (inayochaji betri injini ikiwaka), mkanda wake, na waya unaopeleka moto betri ya pili, ile ya friji na taa, kama gari lako linayo.

Kazi hasa iko hapa: betri inasoma 12.6, na friji bado inazima. Pima tena kwenye soketi ya friji, friji ikiwa inanguruma. Bila mzigo, yaani bila kifaa kinachovuta umeme, hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utakuonyesha volti kamili, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Ukikuta 11.3, volti zimepotelea njiani, na kwa magari ya pwani tunashuku chumvi. Upepo wa bahari hupenya kwenye viungio, shaba ikaota ukungu wa kijani. Pa kwanza tunapochungulia ni pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi: aghlaba umebanwa juu ya rangi, na bolti imeshika kutu. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Umemaliza, na betri ni ileile.

Pengine kosa ni waya mwembamba. Betri iko mbele, friji nyuma, na aliyefunga katumia waya wa spika! Sisi kwa friji hulaza waya wa milimita 6 za mraba.

Fyuzi ikiungua, tafadhali usiweke kubwa zaidi, wala ile karatasi ya sigara. Fyuzi inalinda waya usiwake moto; friji si shughuli yake.

Na wenye magari yaliyotoka Marekani: vifaa vyenu vya ndani ni vya volti 120, umeme wa TANESCO ni 230. Msichomeke popote kabla hatujaangalia.

Ukija, usizime friji wala usiitoe vitu, tunataka kuipima ikiwa na mzigo. Asubuhi ni bora, kabla gari halijazunguka mjini na betri ikajazwa na injini. Kama kweli imekufa, utaiona namba kwenye mita kwa macho yako kabla hujatoa pesa.